Kanda Iliyopelekwa Madhabahuni

Watu wakiniuliza albamu yangu ya kwanza ilitokaje, wanategemea niwape habari za studio: nani aliniona, nani alinishika mkono, nani alinitapeli. Mimi nawaambia ilitokea kanisani, ndani ya kikapu cha viazi, ikanadiwa baada ya jogoo na kabla ya boga. Wanacheka, wanadhani nawazuga. Siwazugi hata kidogo. Kaa nikuhadithie, ila usinikatize, maana mimi nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila mwenye miguu anauza kitu. Duka la ushirika tulilopangia foleni ya sabuni utotoni lilikuwa limepigwa kufuli, na barazani kwake wamejaa wauza mitumba. Mitumba hiyo ndiyo iliyotuletea makoti. Makoti mazito, marefu, yenye mifuko ya kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Wazee waliyanunua kwa sababu ya baridi. Sisi vijana tuliyanunua kwa sababu marapa wa Marekani kwenye majalada ya kanda walivaa hayo hayo. Nadhani Njombe ndio mji pekee Tanzania nzima ambao mwanahip hop aliweza kutembea saa saba mchana na koti, buti na kofia ya sufu, na asionekane amechanganyikiwa. Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa wanalowa jasho ili wapendeze. Sisi hali ya hewa ilitubeba.

Kanda zenyewe zilitoka Makambako. Pale ndipo barabara yetu inapokutana na barabara kuu ya Zambia, treni inapita, na malori yanalala. Dereva akitoka Dar anaacha kanda mpya, akitoka Zambia anaacha nyingine, na nyingi ziliishia kwenye duka moja karibu na maegesho ya malori. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kondoa, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe zilizotunzwa, anauza betri, sufuria, tochi na kanda. Nyuma ya kaunta alikuwa na mashine ya kunakilia yenye midomo miwili: huku unaweka masta, yaani kanda ya kwanza yenye kazi yako, huku unaweka kanda tupu, nyimbo zinahama. Miaka ile, ukitaka sauti yako isikike kutoka Mbeya mpaka Morogoro, hukuhitaji redio. Ulihitaji madereva, na madereva walikuwa wateja wake.

Mimi nilikuwa nachana mistari ya hip hop. Msichana, ndiyo, na wa familia ya Kilutheri inayolima viazi na mahindi. Magazeti yaliuita muziki wa kufokafoka, na Mama alilichukua neno hilo kama lilivyo. Ananikuta jikoni nasonga ugali huku najipimia mistari, anasimama mlangoni na kuuliza, "Unamfokea nani? Huo ugali umekukosea nini?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yakaja yale ya kukunja na kutia mfukoni. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Lupembe, anarudi mwisho wa mwezi, na kila jambo gumu jibu lake lilikuwa moja: "Muulize mama yako." Basi nikamuuliza mama yangu. Nikamwambia nataka kutengeneza albamu. Nilijiandaa kwa vita, nimepanga hoja zangu kama wakili. Yeye akamaliza kumenya kiazi alichoshika, akakitupia kwenye maji.

"Nakupa msimu mmoja," akasema. "Tangu tunapanda mpaka tunavuna mahindi. Mavuno yakipita na hakuna kitu, unakwenda Igwachanya kwa shangazi yako. Cherehani inakusubiri."

Shangazi alikuwa fundi nguo na mtu mwema, sina neno naye. Lakini mimi na sindano hatuivi chungu kimoja. Kila nilipojiona nimekaa barazani kwake miaka nenda miaka rudi, nakunja pindo za suruali za watu, nilikimbilia daftari langu la mistari. Nikaukamata msimu ule kwa mikono miwili.

Tulirekodi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kile ambacho wanakwaya huvalia majoho yao. Usiulize sana tulipataje ruhusa. Mpiga kinanda wa kwaya alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na mwalimu wa kwaya hakuwahi kumkatalia kitu. Masharti yalikuwa mawili: hakuna matusi, na tukimaliza tufagie. Tulitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, na mablanketi Njombe hayajawahi kukosekana. Mdundo ulitoka kwenye kinanda chenyewe. Kilikuwa na midundo yake ya kiwandani, mingi ya kuchezea harusi za Wazungu. Rafiki yangu aliiharakisha, akaikatakata, akaongezea kugonga sanduku la vitabu vya nyimbo kwa kiganja, mpaka ikakubali kuwa hip hop. Umeme ukikatika tunawasha jenereta la usharika, na ndio maana kwenye wimbo wa tatu, ukitega sikio, kuna kitu kinanguruma kwa chini. Miaka iliyofuata watu wa mjini walinisifia, eti ile bezi nzito niliipata wapi. Nikanyamaza, nikachukua sifa.

Tulimaliza Jumamosi jioni, keshokutwa yake nikitakiwa niwe Makambako. Tulikuwa na kanda moja tu, kwa sababu redio ya kwaya ilikuwa na mdomo mmoja na hatukuwa na pa kutolea nakala. Mzee wa Kondoa alishanipa neno lake: "Binti, niletee kanda iliyokamilika, usiniletee maneno. Njoo Jumatatu. Jumanne nashuka Dar kufuata mzigo, na nikishuka huwa nakaa sana." Nami nilijua akikaa sana mavuno yatakuwa yamepita, na mimi nitakuwa Igwachanya natunga uzi kwenye sindano.

Nikafika nyumbani narukaruka. Mama alikuwa amekaa chini anachagua viazi, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwetu limbuko halichezewi. Zao la kwanza, kabla hujala wala hujauza, linakwenda kanisani: mahindi ya kwanza, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mayai ya kwanza ya tetea. Kaka yangu alipopata kazi, Mama alimsindikiza mwenyewe na bahasha ya mshahara wa kwanza mpaka mlangoni mwa kanisa, asije akapotea njia.

Akaiangalia ile kanda mkononi mwangu. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Mbona ndogo?"

"Ndogo, lakini imejaa."

"Ni ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa!" nikasema, na nikaizungusha hewani kwa mbwembwe.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye viazi vyake. Nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikaenda kulala na furaha tele. Hata sikujiuliza kwa nini Mama, ambaye msimu mzima hakuulizia habari za albamu, ameniuliza maswali mengi namna ile kwa mara moja.

Jumapili ukungu ulikuwa mzito mpaka mnara wa kanisa hauonekani. Nilitangulia na kwaya ya vijana, sikuangalia kabatini. Muda wa sadaka ulipofika watu walianza kupanda mbele wakiimba, kila mmoja na chake: magunia ya mahindi, maboga, ulezi, maharage, majogoo waliofungwa miguu, mbao, hata mzinga wa asali. Mama akapita na kikapu kichwani, kimefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe. Akapiga magoti, akakiweka chini taratibu, akarudi kwenye benchi lake. Nikajisemea moyoni, Mama leo amependeza kweli.

Baada ya ibada ni mnada, hapo nje kwenye majani, chai na maandazi vikizunguka. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mmoja mwembamba, mpole siku zote za mwaka, lakini mpe kitu cha kunadi uone. Na mnada wa kanisani si kama wa sokoni. Mtu ananunua jogoo, watu wanampigia makofi, halafu anasema, "Narudisha!" Pesa inabaki kanisani, jogoo ananadiwa upya, anauzwa kwa mwingine, naye anarudisha. Jogoo wa siku ile alirudishwa mpaka akachoka kupiga kelele, akalala kwapani mwa mnadi.

Basi jogoo akapata wa kuondoka naye, na mnadi akavuta kikapu cha Mama. Akatoa viazi akavisifia. Akaingiza mkono tena, akatoa kanda. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akavaa miwani.

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Ilitokea puani.

Nilimvamia Mama pale alipokaa. "Mama! Ile ni masta! Hakuna nyingine!"

"Ulisema ni ya kwanza kabisa," akajibu kwa sauti ya chini, ile ya kanisani.

"Ndiyo, lakini kesho..."

"Ya kwanza haikai nyumbani."

"Basi waombe warudishe, Mama, nakuomba!"

Akanigeukia kana kwamba nimemtuma akaibe sadaka. "Kilichowekwa pale hakiombwi. Kinanunuliwa. Tena usinipigie kelele mbele za watu. Viazi vile ni vyangu mimi, nimevilima. Mahindi ni yangu. Nimetoa limbuko langu. Wewe mwaka huu umelima nini kingine?"

Nakwambia kweli, nilitaka kulala chini nigaegae kama mtoto. Halafu ikaniingia. Mama ambaye hakuwahi hata kukiita kitu changu jina alikuwa amekichukua kabatini, amekifungia kwenye kitambaa chake kizuri, amekipigia magoti pamoja na viazi vyake. Kwake yeye lilikuwa zao. Nilikuwa nimemkasirikia kupita kiasi, na hapo hapo nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja kwa sababu mnadi alikuwa ananiita.

"Mwenye ulezi anafungua gunia tuone punje," alisema mbele ya usharika mzima. "Mwenye kanda naye afungue, watu wajue wananunua nini. Njoo hapa, binti!"

Nilikuwa sijawahi kuchana mbele ya watu zaidi ya watano, tena hao watano walikuwa rafiki zangu. Na sasa mbele yangu wamekaa mchungaji, walimu wangu wa Jumapili, na mabibi wa Kibena waliojifunika blanketi wananitazama kwa huruma, kama vile nimeitwa kutubu. Rafiki yangu mpiga kinanda hakuwa na kinanda pale. Akageuza ndoo, akaanza kuipiga. Nikafumba macho, nikauanza wimbo wa pili:

Ukungu umeshuka, jembe liko begani,
Mama katangulia, nami naburuzwa shambani.
Gunia langu la viazi lina kilemba kichwani,
Unalipa la moja, la pili unalibeba kwa nini?

Kama hujalima viazi huwezi kujua nilipokuwa nimewagusa. Hiyo ndiyo lumbesa: mnunuzi anakuja na gunia, analijaza, halafu juu ya mdomo anashonea kipande kingine cha gunia na kukijaza tena, na bei ni ile ile ya gunia moja. Hakuna aliyekaa pale ambaye hajawahi kuiona lumbesa yake ikiondoka na lori.

Nikafungua jicho moja. Bibi mmoja wa mbele akapiga paja lake, akasema kwa sauti, "Eee! Lumbesa hiyo anayoisema!" Yule wa pili akapiga kigelegele. Halafu ikawa vurugu, ndugu yangu. Wakapiga makofi kwa mdundo wa nyimbo zao, ambao si wangu kabisa, ikabidi mimi niwafuate wao. Nilipomaliza walisema rudia. Nikarudia. Mchungaji alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso.

"Nani anaanza?" mnadi akapaza sauti.

Nimeshapanda majukwaa mengi tangu siku ile, lakini sijawahi kushindaniwa vile. Mchungaji alinunua wa kwanza. Nikashusha pumzi, mchungaji hawezi kuninyima. Akainua kanda juu akacheka: "Narudisha!" Akanunua mwalimu wa kwaya. "Narudisha!" Rafiki yangu akapita kwa vijana na kofia, wakachangishana, wakataja bei kwa pamoja wakijua wananiokolea masta yangu. Hawakupewa hata nafasi ya kupumua. Mwenye mzinga wa asali akawapita, naye akarudisha. Kila "narudisha" ilikuwa shangwe kwa kanisa na kisu kwangu. Sikujua kama nicheke au nilie, nikawa nafanya vyote.

Ndipo aliposimama mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Alikuwa mwanamke mpana, amevaa sweta la zambarau alilolifuma mwenyewe. Aliinama kwa wenzake, wakanong'onezana kwa Kibena, wakafungua vifundo vya khanga. Akataja bei ambayo mnadi alimwomba airudie.

"Mnarudisha?" mnadi akauliza baada ya makofi.

"Turudishe tuna kichaa?" mwenyekiti akajibu. "Hata upande mmoja hatujausikia! Tumenunua, ni yetu." Akaitia kifuani, ndani ya sweta, na mnada ukaendelea na boga.

Nilimfuata nyuma ya kanisa na kumsalimu kwa heshima zote. "Kamwene, mama." Akaitikia. Nikamweleza: kesho, Makambako, mzee wa Kondoa, Jumanne Dar, Igwachanya, cherehani. Nilieleza vibaya, nikimeza maneno, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukifika kwake unafanyaje?"

"Namwachia masta, ananakili."

"Unamwachia? Halafu wewe unaondoka?"

"Wasanii wote wanamwachia."

"Na anatoa ngapi?"

"Sijui. Anazotaka."

Akanitazama kwa masikitiko. "Mwanangu, umetoka kutuimbia lumbesa mpaka tumekosa sauti, halafu kesho unakwenda kujazwa lumbesa mwenyewe?" Akagonga kifua pale kanda ilipokaa. "Haitoki hapa. Lori letu la viazi linakwenda Makambako alfajiri. Utapanda na sisi."

Jumatatu tukafika. Akina mama watano, Mama akiwemo, na mimi, na mpiga kinanda aliyejialika mwenyewe. Tuliwaachia wenye lori viazi washushe, tukaingia dukani kwa mpigo mmoja, vitenge na masweta, duka likajaa.

Mzee wa Kondoa aliinuka. "Karibuni, mama zangu. Karibuni sana. Sufuria zimeingia mpya."

"Asante, baba," mwenyekiti akasema. "Sisi tumekuja kwa habari ya hip hop."

Mzee alinitafuta kwa macho nyuma yao, aelezwe. Mimi nikaangalia tochi.

Hakuwa mtu mbaya, nimtendee haki. Alieleza utaratibu wake kwa upole: wanamwachia masta, yeye anatoa nakala kadiri wateja wanavyotaka, na msanii akipita siku nyingine anapewa chochote. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu. Mwenyekiti alimsikiliza huku anatikisa kichwa, kama anavyowasikiliza wanunuzi wa viazi.

"Sisi mbegu hatuuzi, baba. Tunauza mavuno. Nakili hapa hapa tunaona: moja yako, moja yetu, moja yako, moja yetu. Jioni tunaondoka na hii."

"Mama yangu, kanda moja inakula karibu saa nzima!"

"Hatuna haraka," akasema mwenyekiti. Akavuta kreti la soda akakalia, akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma. Wenzake nao wakatafuta pa kukaa, wakatoa vyao.

Mzee aliwatazama. Akaanza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha ndevu, mpaka akashika kaunta. "Wallahi, tangu nifungue duka hili sijapata kuona. Haya. Leteni hiyo mbegu." Mwenyekiti akaitoa kwenye sweta, ikiwa bado ina joto lake.

Siku ile ndiyo naiita siku albamu yangu ilipotoka. Mashine ilikuwa ikinakili huku ikipiga, na mzee aliweka spika mlangoni. Utingo wa kwanza alikuja kununua betri, akasimama. Akamwita dereva wake. Dereva akaja na mswaki mdomoni. "Huyu nani huyu? Wa Dar?" Mpiga kinanda akanisukuma mbele, "Huyu hapa!" Jamaa akaniangalia, akaangalia safu ya akina mama wanaofuma, akauliza kama na wao wako kwenye kundi. "Sisi ndio wenye kundi," akajibiwa. Mchana mlango ulikuwa umezibwa na watu, na ule wimbo wa lumbesa ulikuwa umeshapata waitikiaji. Adhuhuri mzee alitaka kufunga akaswali. Mwenyekiti akamwambia aende kwa amani, duka wanalo. Kisha akanyanyuka akapunguza sauti mwenyewe, akawakemea utingo wote walioguna: "Kimya! Mzee yuko kwenye sala."

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu kabisa na mashine. Ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia kanda nzima. Nilimwibia macho wimbo baada ya wimbo, uso wake haukuniambia chochote, sindano zinakwenda tu. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili nilikuwa nimeuandika juu yake. Sikuwahi kumwambia. Ulipoanza nilitamani umeme ukatike. Sauti yangu ikawa inasema mbele za watu kwamba mama yangu anaamka saa kumi na moja na jembe, kwamba mikono yake ndiyo shule niliyofaulu. Sindano zikasimama. Akakaa vile, uzi mkononi, mpaka wimbo ukaisha na mashine ikajizima kwa ule mlio wake, tak.

"Umedanganya," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Saa kumi na moja. Mimi naamka saa kumi."

Akina mama wakaangua kicheko mpaka mmoja akadondosha mishono. "Nitarekebisha," nikasema.

"Acha. Watasema najisifu." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, haraka, akaendelea kufuma. Kanda iliyofuata ilipofika kwenye wimbo ule, niliona anaitikia kwa midomo.

Jioni mzee wa Kondoa alifunga nakala zake chache zilizobaki kwenye boksi la kwenda nalo Dar, akamkabidhi mwenyekiti masta mkononi na kumwambia amtunzie, atakuja kuomba tena akirudi. Madereva walishabeba zao, mmoja akielekea Tunduma, mwingine Iringa. Nakala zetu zilikuwa kwenye kikapu cha Mama. Tulikuwa tunarudi kwenye lori aliposimama ghafla pale stendi, mbele ya basi dogo la Igwachanya lililokuwa linaita abiria wa mwisho. Mavuno yamepita, nikawaza. Hakunipa zaidi ya msimu mmoja.

Mama alimwita kondakta. "Unamjua fundi cherehani wa pale sokoni Igwachanya?"

"Namjua, mama. Anatushonea hata sare."

"Huyo ni wifi yangu. Mwambie ile nafasi ampe msichana mwingine, asiendelee kusubiri. Wangu ana kazi."

"Akiuliza kazi gani?"

Mama akaingiza mkono kwenye kikapu, akampa kanda. "Mwambie awashe redio."